Sindano ya mkono hununuliwa kwa tundu lake

Mwezi wa Shaabani nilianza kumshonea baba kofia ya viua, nikitaka aivae Idi. Bafta nilikuwa nayo, uzi mweupe wa pamba ulikuwepo, na sindano nikanunua Kariakoo, pakiti ya shilingi elfu moja, ishirini na tano ndani, vichwa vyote vya rangi ya dhahabu. Kufika siku ya tatu nilishakata uzi na kuutunga upya hadi nikapoteza hesabu. Kila nikizungusha mishono sita au saba kwenye kitobo, uzi unaanza kutoa manyoya pale pale unapopita tunduni, unakonda, halafu unakatika nikiwa katikati ya ua. Na kofia si pindo la gauni, huna pa kufichia fundo. Nikaulaumu uzi. Nikanunua mwingine wa bei ya juu zaidi, nao ukafanya yale yale.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi saa anayekaa chini ya jengo letu. Niliweka sindano juu ya meza yake, akabandika lenzi jichoni, akaigeuza mara mbili kwa kibano. "Mwanangu, hili tundu lina jino," akasema. Akanipa lenzi nitazame mwenyewe. Ukingo wa chini wa tundu ulikuwa na kimwiba cha chuma kimechomoza kwa ndani, na ile dhahabu ilikuwa imebanduka hapo hapo, pamebaki weusi. Uzi wangu ulikuwa unakwanguliwa kila nilipovuta mkono.

Tangu siku hiyo, nikienda kununua sindano sianzi na urefu, wala idadi, wala mng'aro. Naanza na tundu. Dukani watu wote huuliza kama ncha ni kali. Lakini ncha butu utaijua kwenye mshono wa kwanza na utaitupa. Tundu bovu hulijui. Utashona nalo wiki nzima ukilaumu uzi, ukilaumu macho yako, ukisema mkono wako umekuwa mzito siku hizi. Dada wawili walioniandikia kwamba wameacha kushona shifoni kwa sababu "uzi wa siku hizi mbovu", nimewaomba waiangalie sindano kwanza. Mmoja ameshanijibu: lilikuwa tundu.

Ukijua sindano inavyotengenezwa utaelewa jino linatoka wapi. Waya wa feleji hukatwa urefu wa sindano mbili, unachongwa ncha huku na huku, kisha matundu mawili yanapigwa katikati, ndipo zinatenganishwa. Tundu likipigwa namna hiyo, chuma huacha makombo ukingoni. Kiwanda kinachojali kazi yake huyasugua makombo hayo hadi yaishe, huipitisha sindano kwenye moto ipate ugumu, huisugua tena, kisha huipaka nikeli. Kusugua ndiko kunakokula muda, na ndiko kunakorukwa mtu akitaka kuuza sindano ishirini na tano kwa buku. Rangi ya dhahabu ikipakwa juu ya makombo, makombo yapo vile vile. Na kwa kuwa tundu hupigwa hivyo, pande zake mbili hazilingani: upande mmoja hupokea uzi vizuri kuliko wa pili. Uzi ukikataa kuingia, geuza sindano kabla hujaulamba tena.

Kuijaribu ni kazi ya dakika moja. Tunga uzi mweupe wa pamba, shika ncha zake mbili uukaze, kisha isogeze sindano juu yake, kwenda na kurudi, mara ishirini. Uweke ule uzi juu ya kitambaa cheusi. Mimi natumia ushungi wangu. Ukiona manyoya pale sindano ilipokuwa inapita, hiyo si ya kushonea nguo nzuri. Halafu chukua soksi ya nailoni, ile nyembamba ya wanawake, upitishe sindano nzima kuanzia ncha hadi kichwa. Ikinasa kwenye kichwa, sehemu ya nje ya tundu nayo haikusuguliwa.

Sasa niziweke kwa daraja. Ya kwanza kwangu ni Tulip ya Hiroshima, naipendelea na nasema wazi. Hiroshima ni mji ambao kazi ya sindano imerithishwa kwa zaidi ya miaka 300, na unauona urithi huo tunduni. Shangazi yangu yuko Maskati, ambako kofia za Waomani hudariziwa kwa mkono kama zetu za Unguja, na wanawake wanaozishona wanajua sindano kuliko muuzaji yeyote. Yeye ndiye aliyenipelekea za kwanza, zimo ndani ya kichupa chembamba chenye kizibo. Nilifanya jaribio la uzi mara arobaini badala ya ishirini, na ushungi ukabaki mweusi mtupu. Nimemaliza nazo duara lote la juu la kofia ya baba, na kila uzi niliotunga uliisha kwa kwisha, hakuna hata mmoja uliokatika. Mtelezo wake kwenye kitambaa unausikia kidoleni, husukumi kwa nguvu. Ubaya wake ni bei, na pili hapa Dar sijazikuta kwenye maduka ya vifaa vya kushonea niliyozunguka. Inabidi uwe na mtu anayesafiri.

Ya pili ni John James ya Uingereza, jina la tangu 1840. Hizi unaweza kuzipata kwa kuulizia, na asiye na shangazi wa Maskati aanze nazo. Tundu lake ni safi, uzi unapita bila malalamiko, na pakiti zake zina aina nyingi zilizoandikwa vizuri. Ukitaka za kazi za kila siku tafuta neno Sharps. Betweens ni fupi, nzuri kwa mishono midogo ya karibu karibu kama ya kofia. Ya tatu ni Bohin ya Ufaransa, ya tangu 1833, niliyoitumia kwa ukarimu wa rafiki. Siwezi kuisema sana kwa kuwa nilikuwa na sindano tatu tu, lakini zote tatu zilifaulu jaribio la soksi. Clover ya Japani naiweka hapo hapo, hasa kwa mtu ambaye macho yameanza kuchoka.

Za buku, zenye majina yasiyojulikana: vifungo vya sare za shule, viraka vya magunia, godoro. Na zile za kupenyeza uzi kwa juu bila kutunga, zenye mwanya kichwani, mpe bibi asiyeona kabisa, ila umwambie avute taratibu, kwa sababu mwanya ule hula uzi.

Namba kwenye pakiti huwachanganya wengi. Namba ikipanda, sindano inazidi kuwa nyembamba. Pindo la kanga ninapiga kwa namba 8 au 9. Mtandio wa shifoni, ule wa kuviringisha pindo kwa vidole, namba 10. Vifungo vya koti, 7. Ukitumia nene kwenye shifoni utaacha vitobo ambavyo pasi haiviondoi, na ukitumia namba 10 kwenye jinzi utaivunja na kipande kitabaki ndani ya upindo kimsubiri mtoto.

Uzi nao una lake, ingawa baada ya tundu mengine yote ni mepesi. Kibandiko kikisema pamba, kata kipande, kichome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Nimechoma nyuzi nyingi "za pamba" mwaka huu na nikapata vishanga. Kwa uzi wa kushona sitoki kwenye Gütermann ya Ujerumani, iliyoanza 1864, na kwa kudarizi DMC ya Ufaransa, ya tangu 1746. Usitunge uzi mrefu kwa uvivu wa kutunga tena. Dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya kidole, inatosha. Ukizidisha, uzi unapita tunduni mara nyingi mno kabla haujaisha, na hata tundu zuri litauchosha. Tunga ile ncha iliyotoka kwanza kwenye kibiringo, hautajikunja sana.

Nta ya nyuki ndiyo kifaa cha bei ndogo kinachoniuma sana watu wakikikosa. Nchi yetu inavuna nta, Tabora inajulikana kwa asali na nta yake, halafu kwenye duka la vifaa vya kushonea unaambiwa haipo. Ipo sokoni kwa wauza asali, omba kipande kama kidole gumba. Kandamiza uzi juu yake, uvute mara mbili, kisha upitishe katikati ya vidole ili nta ya ziada itoke. Uzi unakuwa mgumu kidogo, haujifungi mafundo, na unaingia tunduni bila kulambwa. Kwenye shifoni nyeupe usitumie nta ya njano. Itaacha alama ukipiga pasi.

Kustubani nunua ya chuma yenye vishimo vinavyoonekana kwa macho, na ujaribu kwenye kidole chako cha kati: ukitikisa mkono isidondoke, ukikunja kidole isibane. Zile laini za plastiki, sindano inateleza na kukuchoma pembeni ya ukucha. Mkasi mdogo wa kukatia uzi uwe mkali hadi kwenye ncha kabisa, na uukatie uzi tu, hata karatasi ya sambusa usiuguse. Futi ya kitambaa ilinganishe na rula kabla ya kulipa, maana huvutika. Kitungia uzi cha bati jembamba, waya wake huchomoka siku ile ile.

Kinachonikera kuliko vyote ni namna tunavyouziwa. Sindano ni kitu kidogo, lakini ndicho kitu pekee katika duka la vifaa ambacho huruhusiwi kukigusa. Kitambaa utakikunja, utakivuta, utakinusa. Sindano imefungwa, na juu ya kaunta kuna karatasi: mali ikishauzwa hairudishwi. Nilirudi na ile pakiti yangu ya dhahabu, nikamwonyesha kijana tundu lenye jino, na uzi wenye manyoya nikamwonyesha. Akaniambia, "Dada, sindano ni sindano." Hapana, kaka yangu. Mtu amekaa wiki tatu anashona kofia ya baba yake, usimwambie sindano ni sindano. Na bei zenyewe: pakiti moja ya aina moja niliikuta kwa bei tatu tofauti kwenye mtaa mmoja, na ile ya juu kabisa ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya chini. Nilipouliza sababu, nikajibiwa kwamba hiyo ni ya Ulaya. Zote tatu zilikuwa za Ulaya, kiwanda kile kile, namba ile ile.

Wapo pia wanaofungua makasha makubwa ya sindano zisizo na jina na kuzipanga upya kwenye karatasi zenye maandishi ya kuvutia. Ziangalie kwa pamoja zikiwa bado kwenye karatasi: kama matundu hayatazami upande mmoja, au mengine ni marefu na mengine mafupi ilhali namba ni moja, rudisha kaunta.

Mama mmoja muuza vifaa upande wa Mchikichini amenifanyia jambo ambalo sijafanyiwa na mwingine. Nilipomweleza ninachotafuta, alifungua pakiti ya John James namba 10 mbele yangu, akachomoa moja, akanipa na uzi mweupe. "Jaribu, mwanangu, mimi nasubiri." Nilisogeza mara ishirini, nikautandaza uzi juu ya ushungi, akainama naye kutazama. Ulikuwa safi. Nikanunua pakiti zote nne alizokuwa nazo, na moja ya hizo ndiyo iliyomalizia upande wa kuzunguka wa kofia ya baba. Idi Ndogo ilipita ikiwa nusu. Aliivaa Idi Kubwa.