Manesi wa ICU waliomuuguza kaka yangu pepopunda siku 26 hapa Mwanza, natoa nyota 4

Nimechelewa kuandika maoni haya maana kwanza nilitaka kaka atoke, atembee, ndo nikae chini niandike kwa utulivu. Hospitali siitaji, kuna mazuri na kuna mengine nitayasema wazi na sitaki mtu aanze kumtafuta nesi fulani. Niseme tu ni hospitali kubwa, mkoa huuhuu, na mgonjwa alikaa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, siku 26 halafu wodi ya kawaida siku 11.

Kaka yangu ni fundi mitumbwi kule Igombe, miaka 41. Alikanyaga msumari uliobaki kwenye ubao wa zamani pale mwaloni mitumbwi inapoegeshwa, akauchomoa mwenyewe, akamwagia mafuta ya taa akafunga kitambaa akaendelea na kazi kama wanavyofanya wote. Siku ya tisa anamwambia mkewe mbona mdomo haufunguki vizuri, tonge haliingii. Zahanati ya kwanza walimpa dawa ya maumivu ya jino. Kesho yake shingo imekaza, jioni mgongo unapinda kama upinde na meno yameumana, baba mdogo akaanza kusema huyu katumiwa kitu, tafuteni gari twende kwa mtaalamu Magu. Aliyetuokoa ni mama mmoja jirani aliyewahi kufanya kazi ya ukunga, alimwangalia mara moja tu akasema hii ni pepopunda mpelekeni hospitali kubwa usiku huuhuu. Nikasikia pepopunda nikashangaa, mi nilijua ni ugonjwa wa vichanga.

Sasa ICU. Naomba mnisome vizuri hapa maana ndo kilichonifanya niandike.

Siku ya kwanza niliporuhusiwa kuingia nilikuta wamemweka kona ya mwisho kabisa, pazia limevutwa, taa ya juu yake imezimwa, wagonjwa wengine wote wapo kwenye mwanga na yeye yupo gizani peke yake. Nililia. Nilijua wameshamkatia tamaa wamemweka pembeni afe. Sista mmoja mtu mzima akanitoa nje akanikalisha akaniambia mama usilie, hilo giza ni dawa. Akanieleza kwamba sumu ya mdudu wa pepopunda inaondoa breki kwenye mishipa ya fahamu, kwa hiyo kitu kidogo tu, mlango kubamizwa, taa kuwashwa ghafla, mtu kumshika bila taarifa, kinatosha mwili mzima kukakamaa mpaka pumzi inakata. Kisha akaniambia kitu ambacho sijakisahau mpaka leo, kwamba pepopunda haigusi akili. Mgonjwa anasikia kila kitu, maumivu yote anayasikia, ila hawezi kusema.

Kwa hiyo nikaanza kuwaangalia wanavyofanya kazi. Yule sista akija kitandani hamgusi kwanza. Anasimama, anamsalimia Kisukuma kwa sauti ya chini, "Kaka, mwangaluka, ni mimi sista wa asubuhi, nataka kukushika mkono wa kulia nipime presha." Anasubiri kidogo. Ndo anashika. Kila mara, hata mara ya ishirini kwa siku, hata wakati kaka kalazwa kwa dawa za usingizi na huoni dalili yoyote kwamba kasikia. Na kazi zake alikuwa anazikusanya, hafanyi hiki sasa na kile baada ya dakika tano, hapana, anasubiri dawa ya kulegeza misuli ishike, halafu anafanya vyote kwa mpigo, kumgeuza ubavu, kumsafisha mdomo, kumvuta makohozi kwa ile mashine wanayoita saksheni, kubadilisha shuka, kumwaga mkojo na kuupima, kisha anavuta pazia anamwacha apumzike. Nilikuja kuelewa kwamba kila kumgusa kuna gharama kwa mgonjwa wa aina hii, na nesi anayejua kazi anaibana hiyo gharama.

Siku ya nne walimtoboa tundu shingoni wakaunganisha mashine ya kupumulia hapo, kwa sababu koo lilikuwa linabana. Jamani lile tundu ndo kazi yenyewe. Makohozi yakijaa mgonjwa anakabwa, na ukiyavuta vibaya unamchokoza anakakamaa. Wenye uzoefu wanampa kwanza oksijeni nyingi, wanaingiza mrija taratibu, wanavuta sekunde chache sana wanatoa, wanaangalia monita namba ya oksijeni irudi ndo warudie. Nilijifunza kusoma ile namba, ikiwa 95 napumua na mimi, ikishuka 88 nasimama. Kitanda upande wa kichwa kiliinuliwa muda wote, niliuliza kwa nini hawamlazi chali akapumzika vizuri, nikaambiwa akilala chali mate na chakula cha mrija wa puani vitarudi vishuke kwenye mapafu, apate nimonia juu ya pepopunda. Ndo maana pia ule mdomo ulisafishwa kila shifti wakati mtu mwenyewe hali kwa mdomo, mwanzoni niliona kama wanapoteza muda.

Kuna jambo lingine dogo lilinigusa. Walikuwa wanampa magineziamu kwa dripu, ya kutuliza mikakamao na presha iliyokuwa inaruka mara 190 mara 80 bila sababu. Kila baada ya muda sista anachukua kinyundo cha mpira anagonga goti la kaka taratibu. Nilidhani wanapima kama kapooza. Kumbe dawa ikizidi mwilini, goti linaacha kuruka kabla pumzi haijaanza kusimama, kwa hiyo goti ndo linampa nesi taarifa mapema. Kuna mashine ya mamilioni pale na bado kinachomlinda mtu ni binadamu na kinyundo anayekumbuka kugonga saa tisa usiku.

Na usiku wa umeme lazima niusimulie. Ilikuwa wiki ya pili, mvua kubwa ile ya ziwani yenye radi, umeme ukakatika na jenereta halikuwaka mara moja. Betri ya mashine ya kaka ilikuwa imechoka, ikaanza kulia. Nesi wa zamu, kijana wa kiume, sidhani kama amefika miaka 30, hakupiga kelele wala hakukimbia hovyo, alichomoa mrija wa mashine akaunganisha ule mpira wa kukamua kwa mkono akaanza kumpumulia kaka yeye mwenyewe, mkono mmoja unakamua, jicho lipo kifuani kuona kama kinapanda, huku anamwambia kwa sauti ileile ya chini, "Usiogope kaka, ni umeme tu, mimi ndo napumua na wewe." Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika tochi ya simu nimeielekeza chini isimpige machoni. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Baadaye asubuhi akaniambia hivi ndivyo ICU ilivyoanza, huko Copenhagen mwaka 1952 polio ilipozuka mashine hazikutosha, dokta mmoja Bjørn Ibsen akaanza kuwatoboa wagonjwa shingo kama kaka, na wanafunzi wa udaktari wakawa wanapokezana kukamua mipira kwa mikono usiku na mchana, wakaokoa watu wengi sana. Nilimwangalia mikono yake nikashindwa kusema chochote, nikampa tu chai ya chupa.

Sasa kwa nini nyota 4 na sio 5.

Kwanza idadi. Usiku nesi mmoja alikuwa na wagonjwa watatu, kuna siku wanne, wote wa mashine. Nchi kama Uingereza mgonjwa wa mashine ya kupumulia anatakiwa awe na nesi wake mwenyewe muda wote, na ukishaona kazi yenyewe unaelewa kwa nini. Huyu anakabwa, yule presha imeshuka, wa tatu dripu imeisha, mtu mmoja agawanyike vipi? Nawalaumu wanaopanga, manesi siwalaumu hata kidogo. Niliwaona wengine wanamaliza zamu wanabaki saa nzima bila malipo kwa sababu wa kupokea kachelewa na hawawezi kumwacha mgonjwa.

Pili, ndugu wa mgonjwa tunatendewa kama mizigo. Tulikuwa tunalala kwenye kibaraza, watu wametoka Sengerema kwa kivuko cha Kamanga, wengine Ukerewe, kanga chini, mbu, na hakuna anayetoka kusema lolote mpaka usikie jina lako linaitwa, na likiitwa moyo unasimama maana hujui ni habari gani. Mara sita niliitwa hivo na mara zote sita ilikuwa ni karatasi ya dawa ya kwenda kununua nje. Wangeweka hata mtu mmoja wa kutoka asubuhi na jioni kusema mgonjwa wa fulani kalala vizuri, mgonjwa wa fulani hajabadilika, ingetosha kabisa. Yule sista mtu mzima alikuwa anafanya hivyo kwa hiari yake, akimaliza zamu anapita kibarazani, siku ambayo hayupo tunakaa gizani.

Tatu, kulikuwa na shifti moja hawakuwa makini. Simu inaita kwa sauti juu pale kitandani, beseni la bati likaangushwa, kaka akakakamaa mbele ya macho yangu mpaka midomo ikabadilika rangi. Nilimfuata kiongozi wa wodi nikamweleza bila ugomvi, akanisikiliza, kesho yake nikakuta wamebandika karatasi kwenye pazia, KIMYA, ONGEA KABLA YA KUGUSA. Hilo nawapongeza, walisikia. Ila isingepaswa kusubiri dada wa mgonjwa aseme.

Wiki ya tatu mikakamao ikaanza kupungua wakapunguza dawa za usingizi na hapo kukaja mtihani ambao hatukuutegemea, kaka akachanganyikiwa. Macho yanazunguka, anataka kuchomoa mirija. Wengine kibarazani wakasema si mliambiwa, hayo ni mashetani. Sista akasema hapana, wagonjwa wengi wa ICU wanapitia hili, dawa, kukosa usingizi, kutojua usiku na mchana. Wakaanza kumfungulia pazia asubuhi na kulifunga jioni, na kila zamu mpya inamwambia, leo ni Jumanne, ni asubuhi, upo hospitali Mwanza, uliumwa pepopunda unapona, dada yako yupo nje. Hivohivo kila siku. Kusema hawezi kwa sababu ya tundu, wakakubaliana kukonyeza mara moja ndio mara mbili hapana, baadaye wakamshikisha kalamu. Neno la kwanza aliandika MAJI. La pili aliandika NYUNDO, sote hatukuelewa, mpaka alipoweza kuongea ndo akasema alikuwa anaota yupo kwenye mtumbwi unaozama na anatafuta nyundo azibe.

Siku 37 jumla kitandani na hakutoka na kidonda hata kimoja cha mgongo. Kwa mtu aliyewahi kuuguza atajua hiyo maana yake nini. Walimgeuza, walimkausha, visigino vilinyanyuliwa juu ya mto, godoro la upepo lilipopasuka walitafuta lingine siku ileile. Alipotoka alikuwa mifupa, miguu haina nguvu, mtu wa mazoezi alikuja akamfundisha kukaa kwanza, kisha kusimama, kama mtoto.

Tulivyorudi kliniki baada ya mwezi tulipita ICU kushukuru. Kaka alisimama pale mlangoni manesi kama watano wanapita, hakumjua hata mmoja kwa sura, mpaka mmoja alipomwambia mwenzake naomba hiyo shuka. Kaka akageuka akasema, ni huyu. Huyu ndo wa "ni mimi sista wa asubuhi".

Kwa anayeuliza kama nashauri kupeleka mgonjwa pale, ndio, nashauri, ila jipangeni ndugu wawili watatu wa kupokezana, mbebe chandarua, na muulize maswali, ukimuuliza nesi kwa heshima unaelezwa. Na kabla ya kuulizia hospitali ina mashine ngapi ulizieni usiku kuna manesi wangapi.

Jambo la mwisho la wanaume wa mwaloni. Sikujua kwamba ukiugua pepopunda ukapona huna kinga, unaweza kuugua tena, ndo maana kaka alichomwa chanjo wodini kabla ya kuruhusiwa. Wanawake tunachomwa tukiwa wajawazito, wanaume wakishatoka utotoni hakuna anayewakumbuka, na ndo hao wanakanyaga misumari. Mdudu mwenyewe anakaa kwenye udongo na samadi, kwa hiyo hata msumari usio na kutu unatosha. Wiki iliyopita kaka alienda kuchomwa ya pili akawachukua mafundi wenzake wanne wa Igombe wakaenda wote kwa bodaboda mbili. Ya tatu ni baada ya miezi sita, nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani pale ninapoandika madeni ya dagaa, nisiipite.