Kutaja jina mtandaoni au kupekua nyaraka kwanza

Mabomu yalipolipuka kwenye mbio za marathoni za Boston, Marekani, tarehe 15 Aprili 2013, watumiaji wa Reddit, mtandao wa majadiliano, walikusanya picha za umati, wakachora miduara kwenye mabegi ya mgongoni na kuanza kutaja majina ya waliowashuku. Mwanafunzi aliyekuwa ametoweka tangu Machi alidhaniwa kuwa mshambuliaji, na familia yake, iliyokuwa bado ikimtafuta, ikaandamwa kwa simu na matusi. Hakuhusika hata kidogo. Mwili wake ulipatikana mtoni siku chache baadaye. Reddit iliomba radhi, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Podikasti ya uchunguzi ya In the Dark, kwa upande wake, ilifuatilia mwaka 2018 kesi ya mtu aliyefikishwa kortini mara 6 kwa mauaji yaleyale ya watu 4 katika jimbo la Mississippi, Marekani. Waandishi wake walikaa huko karibu mwaka mzima, wakapekua kumbukumbu za kesi 225 na kuonyesha jinsi ofisi ya mwendesha mashtaka ilivyowaengua watu Weusi kwenye jopo la raia wanaoamua kesi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu ya hatia dhidi ya mtu huyo mwaka 2019, na mashtaka yakafutwa mwaka uliofuata.

Waandishi wa In the Dark ni wanataaluma wenye wahariri na wanasheria, ni kweli, ila subira haihitaji cheti: anayeendesha podikasti peke yake anaweza pia kusoma jalada, kuwaomba wafiwa ridhaa, na kumpelekea polisi jina analolishuku badala ya kulitangaza.