Kilwa Masoko wakati kimbunga Hidaya kinakuja: gesti, ufukwe na watu wake, nawapa nyota 4 na nusu

Wadau habari zenu. Hii rivyu nimechelewa nayo sana, ni ya toka Mei 2024, ila kila masika ikianza naikumbuka na najiona nina deni la watu, kwahiyo leo naiandika yote. Mi nafanya biashara ya pweza na samaki wakavu, natoka Dar nashuka kusini mara mbili tatu kwa mwezi, Kilwa Masoko nimelala gesti karibu zote. Hii gesti iko jirani na ufukwe wa Jimbiza, ya bati na tofali, vyumba vichache, ila siwezi kuisifia gesti nikaacha mtaa maana siku zile vilikuwa kitu kimoja.

Nilifika Alhamisi tarehe 2. Matangazo ya TMA, mamlaka ya hali ya hewa, yalikuwa yameshaanza, kila redio ni kimbunga Hidaya, mikoa ya Mtwara, Lindi, Pwani, Dar, Tanga mpaka Unguja na Pemba wachukue tahadhari. Mi mawazo yangu yalikuwa kwenye mzigo, nikakata tiketi ya basi la Ijumaa alfajiri nirudi nao. Basi lenyewe halikuja, simu ya wakala haipatikani, na nauli yangu mpaka leo sijarudishiwa (silitaji jina). Nikarudi gesti na mabegi na ndoo zangu za pweza, nimenyong'onyea kabisa.

Mwenye gesti ni mama mtu mzima, wote pale tunamwita Bi Mkubwa. Nilimkuta barazani na wageni wengine watano, nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, weka mizigo ndani halafu njoo ukae hapa usikilize. Akatuambia upepo unaokuja si wa kuchezea, anayetaka kuondoka atafute gari sasa hivi kabla ya mchana, anayebaki tutakaa wote mpaka upite na habari ya hela tutaongea baadae. Akatoa daftari la shule, akaandika jina la kila mmoja, anakotoka, na namba ya ndugu wa kupigiwa. Nimelala hoteli za bei kubwa mno kuliko ile elfu ishirini yake na hakuna aliyewahi kuniuliza nikipatwa na jambo apigiwe nani.

Sasa ngoja niwaeleze ya ufukweni maana hapo ndo penyewe. Wavuvi wengi walikuwa hawaamini, na mi siwalaumu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitangazwa, watu wa Mtwara wakahamishwa, kikageuka kikapiga Msumbiji. Aprili 2021 kimbunga Jobo nacho watu walikaa roho juu, kikafika karibu na Dar kimeshaishiwa nguvu. Kwahiyo vijana wanasema nyie kila mwaka mnatutisha, na mtu asipoingia baharini siku moja kwake chungu hakipandi jikoni, hiyo wenye mishahara hawaielewi. Viongozi wa BMU, ile kamati ya wavuvi ya kusimamia ufukwe, hawakugombana nao hata kidogo. Walimleta mwalimu mmoja kijana wa pale pale akawafungulia taarifa kwenye simu na kuisoma taratibu, kwamba kipo kama kilomita 400 mashariki ya Mtwara, kwamba upepo wake umefika kilomita 130 kwa saa, akawaambia ukivuka 118 tu tayari ni kimbunga kamili. Akawaeleza na kwanini pwani yetu haijazoea, kwamba upepo wa hivi unalishwa na joto la bahari na ili ujizungushe unahitaji kuwa mbali kidogo na ikweta, sisi Kilwa tupo nyuzi 9 tu kusini ndo maana vingi vinapita chini huko Msumbiji na Madagaska. Kupita chini mara nyingi, akasema, siyo ahadi.

Halafu mzee mmoja, nahodha mstaafu, akasimama. Akasema mwaka 1952 kimbunga kilipiga Lindi, yeye alikuwa mtoto mdogo, na anachokumbuka ni baba yake amewafunga yeye na dada yake kwa kamba kwenye mnazi mfupi. Alivyomaliza akakaa. Hakuna aliyebishana tena.

Baada ya swala ya Ijumaa imamu akatangaza kwenye spika za msikiti, hakuna chombo kutoka, na wanaokaa nyumba za makuti au bondeni wahamie shuleni kabla ya magharibi. Toka hapo mpaka jua kuzama sijawahi kuona kazi kama ile. Ngalawa na mitumbwi ikapandishwa juu kwa magogo, watu ishirini chombo kimoja, harambee mbele harambee nyuma, ukimaliza cha mwenzio mnahamia kinachofuata hakuna anayeuliza hiki cha nani. Boti kubwa zisizopandishika zikapelekwa kwenye mkono wa maji ndani ya mikoko maana mikoko inavunja wimbi, zikafungwa kamba mbili mbele mbili nyuma na kamba zimeachwa ndefu kidogo ili maji yakijaa chombo kipande nayo kisizame kwa kuvutwa. Hilo la kamba mi nilikuwa silijui, nilidhani unakaza mpaka mwisho. Mashine za boti zikafunguliwa zote zikaja kulala stoo ya Bi Mkubwa, kila moja imefungwa kitambaa chenye jina la mwenyewe. Kina mama nao wanajaza mchanga kwenye viroba, vijana wanavipandisha juu ya mabati. Kuna mama mjamzito wa Kilwa Kisiwani, kile kisiwa cha ng'ambo, siku zake zimekaribia, walimvusha asubuhi kabla bahari haijachafuka, akalala chumba namba mbili ambacho mgeni wake, dereva wa lori, alihama mwenyewe bila kuambiwa akalala barazani.

Usiku ule upepo ulikuja na mvua yake. Umeme ukakatika. Pale gesti tulikuwa watu kama thelathini na kitu, wengine majirani, watoto wamelala ukumbini kama dagaa kwenye chanja, na Bi Mkubwa kila baada ya muda anapita na daftari lake na kurunzi anaita majina. Bati zinalia, unasikia bahari kama iko mlangoni, ye anaita tu majina na kila anayeitwa lazima aitike, hata mtoto akiwa amelala anaamshwa aitike. Mwanzoni niliona anawasumbua watoto. Kufika saa nane usiku nilikuwa namsubiri aanze tena, kusikia sauti zote zimetimia kulinipa usingizi.

Chakula kilikuwa uji, chai ya tangawizi, muhogo wa kuchemsha, na pweza wangu, ndoo mbili zote zilipikwa na niliwatoa kwa moyo mmoja.

Nisisahau redio. Bi Mkubwa ana redio ndogo ya betri kavu, ya kizamani, antena imeungwa na waya. Simu zetu zote za bei zilikuwa zimezima kufikia Jumamosi mchana, mtandao unakuja unaondoka, ile redio peke yake ndo ilitupa habari. Kama unakaa pwani nunua redio ya betri na betri za akiba, hata usipoigusa mwaka mzima iache pale pale kwenye kabati.

Nusu nyota nimeitoa kwa mambo mawili. La kwanza maji, tangi moja kwa watu wote wale halitoshi, na choo upande wa kina mama kilikuwa shida ya kweli mpaka wengine wanakataa kunywa maji ili wasitoke usiku, hili inabidi wakae wenyewe kina mama walipange kabla ya msimu. La pili ni lile grupu la WhatsApp la mtaa. Lilisaidia sana kuhamisha watu Ijumaa, ila usiku mtu akatupia sauti ya kusambazwa inasema kuna wimbi la sunami linakuja saa kumi alfajiri, na familia moja ikatoka na watoto kwenye ile mvua kukimbilia barabarani. Vijana waliwafuata wakawarudisha, hakuna aliyeumia, ila mimi niliwaona wale watoto walivyorudi wanatetemeka na nikapatwa na hasira ambayo mpaka sasa ninayo. Siku ya hatari grupu lifungwe, waandike watu wawili tu, yule mwalimu na mtu wa BMU, basi.

Jumapili redio ikasema Hidaya ameishia Mafia, ameingia nchi kavu kisiwani akapoteza nguvu. Watu wakashukuru Mungu, ila maji ndo yalikuwa yanaanza kutuonyesha. Mafuriko Kilwa yalikuwa makubwa, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, ikawa huendi wala hurudi siku kadhaa. Na hapo ndo nilipowapenda zaidi hawa watu, maana hofu ilishaisha, kila mtu ana hasara yake nyumbani, lakini hakuna siku nimekosa sahani. Vyombo vikashushwa kwa mtindo ule ule wa harambee, mashine zikatoka stoo zote na vitambaa vyake, haikupungua hata moja.

Siku naondoka nikamwambia Bi Mkubwa nifanyie hesabu. Akanihesabia usiku mmoja, ule wa Alhamisi. Nikambishia, akaniambia mwanangu na wewe nikufanyie hesabu ya pweza? Nikanyamaza.

Nilirudi Agosti, kusi inavuma. Tangi limeongezwa la pili. Daftari liko barazani, limetundikwa kwenye msumari, limefungwa nailoni lisilowe. Nikalifungua nikaona jina langu na namba ya mke wangu, na chini ya orodha yetu kapiga mstari, kurasa zinazofuata ziko wazi, kalamu imefungwa pembeni kwa uzi.