Signal kwa kazi za umma: kufuli imara, masjala hakuna

Kwa usiri tunaipa Signal, programu ya kutumiana ujumbe, alama za juu kabisa. Ujumbe hufungwa kwenye simu ya anayetuma na kufunguliwa kwenye simu ya anayepokea, basi. Ni bure na haina matangazo. Lakini afisa anayeamua jambo la umma asiitumie: haina masjala.

Machi 2025 Mike Waltz, wakati huo mshauri wa usalama wa taifa wa Marekani, alifungua kundi la Signal kujadili mashambulizi ya Marekani huko Yemen, na kimakosa akamwingiza mwandishi Jeffrey Goldberg. Baadhi ya ujumbe ulipangwa kujifuta baada ya wiki 1, mwingine baada ya wiki 4. Mahakama ilipoagiza kumbukumbu zitunzwe, CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilipiga picha ya skrini ya akaunti ya mkurugenzi wake. Lilikuwamo jina la kundi na taarifa za mipangilio. Maneno yenyewe ya mjadala hayakuwamo. Hapo ndipo inapouma, maana vita vilijadiliwa na jalada likabaki tupu.

Sheria ya Marekani inamtaka afisa aliyetumia akaunti binafsi apeleke nakala kamili kwenye akaunti ya ofisi ndani ya siku 20. Ukiweka wiki 1, ujumbe unakufa siku 13 kabla ya muda huo kuisha.

Ukijikuta umeshaingizwa kwenye kundi la kazi, gusa jina la kundi, ingia kwenye mpangilio wa ujumbe unaotoweka, uuzime. Kumbuka, kuzima hakuokoi ujumbe uliokwisha kutumwa. Huo unaendelea kuhesabiwa siku zake, kwa hiyo unakili kwanza. Kisha ruhusu wasimamizi peke yao kubadili mipangilio, la sivyo mwanakundi yeyote atauwasha tena. Picha ya skrini peke yake haitoshi: majina yanaonekana jinsi ulivyoyahifadhi wewe, "Boss" au "Mama Asha", bila cheo. Andika dokezo fupi lenye tarehe, waliokuwepo na uamuzi, litume kwa barua pepe ya ofisi siku hiyohiyo, lipewe folio, yaani namba yake kwenye jalada.

Kagua pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Februari 2025 Google ilitahadharisha kuhusu wadukuzi wanaotumia misimbo bandia ya QR kuunganisha kifaa chao na akaunti ya mtu. Ukikuta kompyuta usiyoijua, iondoe papo hapo.