Umeme wa kichwani kwa Mama baada ya kiharusi: uzoefu wangu hapa Kisumu

Kama mgonjwa wako alipata kiharusi upande wa kulia wa ubongo na sasa anakula nusu ya sahani tu, haya yanakuhusu. Mama hakuwa kipofu. Macho yalipimwa yakaonekana mazima. Lakini omena iliyokaa upande wa kushoto wa sahani kwake haikuwepo, na nikisimama kushoto kwa kitanda aliuliza nimeenda wapi. Ubongo ndio ulioacha kuushughulikia upande ule.

Kliniki moja ya binafsi ilimwanzishia tiba ya mkondo dhaifu wa umeme pamoja na fiziotherapia. Sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi hufungwa kichwani kwa mkanda wa mpira. Ile chanya hukaa nyuma kwa juu, upande wa kulia, sehemu inayoongoza umakini wa macho. Mkondo ni miliampea 2 hivi, kwa dakika 20. Si ule umeme wa kumtetemesha mgonjwa ambao shangazi zangu waliuogopa. Mama alihisi mwasho tu, ukaisha haraka, ngozi ikabaki nyekundu kidogo.

Kilichonipendeza zaidi ni kwamba hakukaa bure umeme ukipita. Aliwekewa karatasi iliyojaa nyota na herufi, azikate nyota zote kwa kalamu. Mwanzoni alikata za kulia, akasema amemaliza. Mtaalamu akawa anaugusagusa mkono wake wa kushoto: "Mama, rudi huku, bado ziko." Wiki zikapita, akaanza kuzipata za katikati, kisha baadhi ya zile za kushoto. Nyumbani sasa huigeuza sahani mwenyewe. Za pembeni kabisa bado humpita, na barabara pale Kondele havuki bila kushikwa mkono.

Siupi umeme sifa zote. Miezi ya kwanza ubongo hujirekebisha wenyewe, na tafiti za tiba hii kwa tatizo hili ni ndogondogo, matokeo yake hayalingani. Kwa hiyo ukiuziwa umeme mtupu bila mazoezi, usilipe. Uliza sponji zinawekwa wapi na kwa nini. Sisi tulionyeshwa kwenye picha ya CT ya Mama kabla hajaguswa. Mwenye kifafa au chuma ndani ya fuvu aseme mapema. Na vile vifaa vya kuagiza mtandaoni ujifunge mwenyewe nyumbani, mimi simwekei Mama.