Seva yangu ilikuwa inakula uniti 71 kwa mwezi: uzoefu wangu na kipima umeme cha soketi

Naishi Majengo, Moshi, na kazi yangu ni kupiga picha na video: harusi, send-off, ubatizo, kipaimara. Nyumbani nina seva ya kuhifadhia kazi hizo. Ni kompyuta ya mnara iliyotoka ofisini ikiwa imeshachoka, prosesa yake ni Core i5 ya kizazi cha pili, ile ya mwaka 2011. Mteja akija leo akaniambia marehemu mama yake alicheza kwenye send-off ya dada yake mwaka 2017 na anatamani kile kipande, nampa siku hiyohiyo. Ndiyo maana sikuwahi kufikiria kuizima nikaachana nayo, hata LUKU ilipoanza kutuumiza.

Na ilituumiza kweli. Mke wangu ndiye hununua tokeni, na kila baada ya siku chache alikuwa akiniuliza, “Baba, hizi uniti zinaenda wapi?” Tulianza na friji, tukabadilisha mpira wa mlango. Tukahamia kwenye pasi, nguo zikawa zinapigwa mara moja kwa wiki. Hali ikabaki ileile. Mwishowe nikaenda duka moja la vifaa vya umeme karibu na stendi kuu, nikanunua kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi kwa shilingi 35,000.

Ni kidude cha kiganjani, hakina jina la maana. Unakichomeka ukutani, kifaa chako unakichomeka juu yake, kioo kinakuonyesha wati zinazotumika wakati huohuo, volti, na jumla ya uniti tangu ulipokianzisha. Changu kimekuja na miguu miwili ya duara, kwa hiyo inabidi kutumia adapta kwenye soketi zetu za miguu mitatu. Chagua adapta inayokaza vizuri. Ya kwanza niliyotumia ilikuwa inalegea na kupata moto, nikaitupa.

Friji ilisoma takriban uniti moja kwa siku. Taa, TV na vingine vyote kwa pamoja, nusu ya hapo. Seva, ikiwa imekaa tu bila mtu kuigusa, ilisoma wati 98.

Nilikaa chini na kalamu. Wati 98 kwa saa 24 ni uniti 2.35 kwa siku, karibu 71 kwa mwezi. Nyumba nzima bila seva inatumia kama 45. Hapo ndipo nilipoelewa kilichotutokea. Mteja wa nyumbani ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi huwa kwenye daraja la D1, shilingi 100 kwa uniti. Akizidi anapelekwa T1, shilingi 292. Wakati napiga hesabu, ukiongeza VAT asilimia 18, REA (tozo ya umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (tozo ya mdhibiti wa nishati) asilimia 1, ilikuwa shilingi 122 kwa D1 na 356 kwa T1. Kwa hiyo seva haikuwa inakula umeme wake peke yake. Ilikuwa imeipandisha bei kila taa na kila kikombe cha chai humu ndani. Kompyuta moja isiyozimwa, ikiwa ya wati 100 tu, inajaza nafasi ya D1 karibu yote kabla hujawasha taa ya sebuleni.

Kazi ikaanza. Naandika kwa mpangilio nilioufuata mimi, na kila hatua niliipima kabla na baada, maana bila kupima ningeamini mambo mengi ya uongo.

Kadi ya grafiki ilitoka kwanza. Niliiweka zamani nilipokuwa nahariria video kwenye mashine hiyo. Siku hizi nahariria kwenye laptopu na seva haina hata kioo. Kuitoa tu kulishusha wati kutoka 98 hadi 79. Dakika tano za bisibisi, hakuna shilingi iliyotoka.

Kisha diski. Zilikuwa nne, zile kubwa za inchi 3.5, na kila moja inapozunguka bila kazi hula kama wati 5 hadi 7. Nyingine zilikuwa za GB 500, yaani nalipia mzunguko wa diski nzima kwa mzigo unaotosha kwenye flashi mbili. Nilinunua diski moja ya TB 4 iliyotumika, shilingi 190,000, nikaihamishia kila kitu, na mfumo wenyewe nikauweka kwenye SSD, diski isiyozunguka, ya shilingi 55,000. Tukafika wati 60. Zile nne sikuzitupa. Zimebeba nakala ya pili na ziko kwa kaka yangu Rau, kabatini, hazijachomekwa popote. Mtu mwenye picha za watu asikubali kubaki na nakala moja, hasa kwenye diski iliyotumika.

Hatua iliyonichosha ni kuilaza ile diski kubwa. Nilitumia hdparm, amri ya Linux ya kupangia diski, nikaiambia isimame ikikaa dakika 20 bila kazi. Namba yake ni 240, kwa sababu inahesabu kwa vipande vya sekunde tano. Ikawa inalala, halafu inaamka. Inalala, inaamka. Usiku unaisikia ikivuta pumzi kule kwenye kabati. Kuamka mara nyingi hivyo kunaichosha diski kuliko kuiacha izunguke. Nilitafuta siku mbili mpaka nikakuta ni programu ya picha, hifadhidata yake na kumbukumbu zake nilikuwa nimeziacha kwenye diski hiyo, na ilikuwa inaandika mistari michache kila baada ya muda. Nilipozihamishia kwenye SSD, diski ikalala kuanzia jioni hadi nilipoihitaji asubuhi. Wati 54.

Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, nilikuta hali za usingizi wa prosesa zimezimwa, sijui na nani huko ofisini ilikotoka. Nikaziwasha, kisha nikatumia powertop, programu ya kupunguza matumizi ya umeme, kurekebisha yaliyobaki. Wati 43. Hatua hii nayo haikunigharimu chochote.

Hapa kuna fundi aliyetaka kuniuzia prosesa nyingine inayoitwa ya kutumia umeme kidogo, ya kizazi kilekile. Nilikataa. Wati zinazoandikwa kwenye prosesa zinahusu mashine ikiwa kwenye kazi nzito. Seva ya nyumbani karibu muda wote imekaa tu, na ikikaa, prosesa hizo mbili hazipishani kwa kiasi cha kukutoa pesa mfukoni.

Badala yake nilibadilisha pawasaplai, kile kifaa kinachoigawia kompyuta umeme. Ya zamani ilikuwa ya wati 500 na ya bei rahisi, na pawasaplai kubwa ikibeba mzigo mdogo hupoteza sehemu kubwa kama joto. Nikapata ya wati 300 yenye alama ya 80 Plus Bronze, ya kuonyesha haipotezi umeme mwingi, shilingi 25,000. Kipimo kikasoma 35.

Mwisho nikaipa muda wa kulala. Kwa amri ya rtcwake inajizima saa tano usiku na kujiamsha saa kumi na mbili asubuhi. Sasa inatumia kama uniti 18 kwa mwezi. Desemba tu ndiyo naiacha macho usiku, kwa sababu watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi na harusi zinafuatana hadi kazi inakuwa ya mchana na usiku.

Wengi wataniuliza kwa nini sikununua kompyuta ndogo mpya, zile za prosesa ya Intel N100. Ni nzuri, na ningeanza leo ningeanzia hapo. Lakini nilipiga hesabu: kutoka wati 35 hadi 10 ningeokoa kama uniti 13 kwa mwezi. Kwa bei ya D1 hiyo ni kama shilingi 1,600. Bei niliyotajiwa ilikuwa shilingi 450,000, na ingenichukua zaidi ya miaka ishirini kuirudisha. Matumizi yangu yote, diski ikiwemo, ni 305,000, na kwa uniti 53 ninazookoa kwa bei ya T1, karibu 19,000 kwa mwezi, zinarudi katika miezi kumi na sita.

Faida ambayo sikuitegemea ni ya UPS, kile kifaa cha betri kinachoishikilia seva umeme ukikatika. Ileile, betri ileile, zamani ilinipa dakika 8 umeme ukikatika. Sasa inafika dakika 30, seva inafunga kazi zake yenyewe bila kuharibu faili.

Kuhusu kipimo: kwenye chaja ya simu na vitu vya wati moja au mbili usikiamini, namba zake zinarukaruka. Kibetri cha ndani kikiisha, umeme ukikatika jumla yote inafutika, kwa hiyo andika kwenye daftari kila jioni. Kwenye mzigo wa seva au friji kimekubaliana na mita ya LUKU vizuri kabisa. Nilizima kila kitu kingine kwa saa tatu nikalinganisha.

Mwezi uliopita nyumba ilitumia uniti 64, mwezi huu 62. Maombi ya kurudishwa D1 nimeshayapeleka. Kipimo kiko kwa shemeji, amekichomeka kwenye friza la dukani kwake.