Bekapu ilisema imekamilika, kumbe video za bibi hazimo: uzoefu wangu wa miezi saba, Wete, Pemba

Diski yenyewe ni ya nje, TB 1, niliinunua Darajani siku niliyokwenda Unguja kwa shughuli za harusi. Ndani yake ilikuja na programu ya bekapu, yaani ya kuweka nakala za akiba za faili, ya kampuni hiyo hiyo iliyoitengeneza. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu sehemu kubwa ya yaliyonikuta yangeweza kukuta diski yoyote. Diski naipa nyota nne, programu naipa mbili. Naandika hasa kwa ajili ya mtu ambaye faili zake hazinakiliki na hajui aanzie wapi, maana mimi nilihangaika bila ya kupata wa kunieleza kwa Kiswahili.

Kompyuta yetu ya mezani ndiyo kasha la familia. Mna hati za shamba la mikarafuu nilizozipiga skani, hesabu za karafuu za kila msimu, picha za maharusi na za watoto. Na mna video kumi na moja za bibi yangu, mzaa mama, akitusimulia ngano ukumbini baada ya isha. Nilizirekodi kwa simu mwaka mmoja kabla hajafariki. Simu ile imeshakufa, kwa hiyo sauti yake imebaki humo tu.

Kila siku saa tatu usiku programu ilifanya kazi na kuweka alama ya kijani kwamba imekamilika. Chini ya alama hiyo, kwa maandishi madogo ya kijivu, iliandika kuwa faili 23 zimerukwa. Miezi minne nilitazama kijani nikaenda kulala. Kisha kompyuta ikaanza kutoa mlio wa kugonga, mama akausikia, akaniuliza, "Mwanangu, sauti ya bibi yako iko salama?" Nikamwambia ipo kwenye diski. Nilipoifungua diski nimwoneshe, nikakuta video tatu. Nane hazimo.

Usiku ule sikulala. Nilifungua logi ya programu, yaani orodha ya kila ilichofanya, ambayo wameificha chini ya menyu tatu, na nikazisoma zile 23 moja moja. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba haikuwa shida moja, zilikuwa nne.

Ya kwanza ndiyo iliyozila video za bibi. Muuzaji aliifomati diski kwa FAT32, mpangilio mmojawapo wa kuhifadhi faili, ili isomeke kwenye kila televisheni. Alinitakia wema, lakini FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, hata kama diski yote ni tupu. Simu yangu ilirekodi video kwa kiasi cha MB 130 kwa dakika, kwa hiyo ngano yoyote iliyopita nusu saa ilikuwa imeshavuka mpaka. Na bibi hakuwa mtu wa ngano fupi. Zile tatu zilizonakiliwa ndizo alizozikatiza kwa sababu ya usingizi wa watoto. Programu inaijua diski ni ya aina gani na inalijua kila faili lina ukubwa gani, na ingeweza kuniambia tangu siku ya kwanza. Nyota yangu moja iliondoka hapo.

Dawa yake ni kuigeuza diski iwe ya NTFS, mpangilio mwengine unaopokea faili kubwa, na haihitaji kufuta kitu. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika convert E: /fs:ntfs, ukiweka herufi ya diski yako pahala pa E. Faili zilizomo zinabaki. Hata hivyo nilingoja mpaka mlio ule wa kompyuta ukaguliwe, na video zile nane nikazihamishia kwanza kwenye laptopu ya jirani, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi kama hiyo unaweza kupoteza vyote. Fundi wangu wa Chake Chake aliikagua kompyuta akakuta feni imeshika vumbi na inagonga waya, lakini diski ya ndani ni nzima. Alhamdulillahi.

Wapo watakaokushauri mpangilio wa exFAT badala ya NTFS. Nayo inapokea faili kubwa, lakini haiweki kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea kama ifanyavyo NTFS, na kwa hivyo umeme ukikatika ghafla huharibika kwa wepesi zaidi. Huku kwetu umeme unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, ni afadhali kuliko majenereta ya zamani ya Wesha, lakini bado unakatika. Mimi nimechagua NTFS, na televisheni yetu inaisoma.

Zikabaki 15. Tisa kati ya hizo zilikuwa picha za skani ambazo njia yake, yaani anwani nzima ya faili ndani ya diski, ni ndefu mno: folda ndani ya folda ndani ya folda, na kila moja nimeipa jina kama sentensi. Programu nyingi za Windows zinakwama njia nzima ya faili ikifika herufi 260, na kunakili kwenda diski ya nje kunaongeza njia kwa sababu programu inaweka folda zake juu. Nikafupisha majina, yakapita.

Faili moja lilikuwa kitabu cha Excel cha hesabu za karafuu. Kaka yangu hukiacha wazi mchana kutwa na usiku, na programu haiwezi kunakili faili lililoshikwa. Mna kitufe kwenye mipangilio kinachotumia huduma ya Windows iitwayo Volume Shadow Copy, ambayo hupiga picha ya diski kama ilivyo dakika ile na kunakili kutoka humo. Walikiacha kimezimwa.

Tano za mwisho zilinisumbua wiki mbili, kwa sababu hazikuwa zile zile. Leo hizi, kesho nyengine, na logi ikisema hitilafu ya kifaa. Nyumba yetu haiko mbali na bandari na upepo wa chumvi unaingia mpaka kwenye makabati. Nilipoimulika kebo kwa tochi nikaona kutu kwenye ncha yake. Nilinunua kebo fupi mpya, nikahama kutoka tundu la USB la mbele kwenda la nyuma, ambalo limeshikana moja kwa moja na bodi kuu ya kompyuta. Tangu hapo ni sufuri.

Niliwaza pia kupandisha kila kitu kwenye mtandao. Tuna kiasi cha GB 300. Hata ungepata Mbps 5 (megabiti 5 kwa sekunde) za kupandishia bila ya kuyumba, ni siku tano na nusu usiku na mchana, na bando lake silimudu. Badala yake nimenunua diski ya pili ya aina hii hii, ndiyo maana nasema ina nyota nne. Inakaa kwa dada yangu huko Mwanakwerekwe, Unguja, na kila anayesafiri kwa boti kutoka Mkoani anaichukua au anairejesha.

Iliporudi mara ya kwanza niliichomeka kwenye laptopu ya jirani, wala si kwenye kompyuta yetu, nikamwita mama. Tulizifungua zote kumi na moja na kila moja tukaisogeza mpaka mwisho wake. Ya saba hakukubali niisogeze. Bibi alisema "Paukwa", na mama akamjibu "Pakawa", tukakaa kuisikiliza saa nzima.